Machela

Mpwa wangu, anayesomea misitu, alinipigia simu mwezi Mei akitaka neno. Alikuwa amenunua kitanda cha kitambaa chepesi kinachofungwa kwa kamba kati ya miti miwili, akitumie katika safari zake za porini, na wenzake wote walikuwa wakikiita kwa jina la Kiingereza. "Mjomba, wewe ndiye mwenye makamusi. Kwa Kiswahili tunasemaje?" Nilimjibu papo hapo, bila kufungua kitabu: machela. Akacheka. "Machela si ile ya kubebea wagonjwa?"

Ndiyo hiyo. Nilijaribu kumpa mbadala nikashindwa. Susu ni la kuning'inizia vyombo na vyakula visifikiwe na paka. Bembea ni ya watoto, na anayesema kitanda cha bembea ametumia maneno matatu kwa kitu kimoja. Wapo wanaosema hamoki, neno ambalo kwa sikio langu limekaa karibu mno na hamaki, nami sitaki kulala ndani ya hasira. Waingereza wenyewe hawakulizaa neno lao. Limetoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, likapita katika Kihispania kama hamaca, ndipo likawafikia. Letu tumelipata kwa Wareno, ambao husema machila. Zama za misafara, na baadaye za ukoloni, wakubwa walibebwa ndani yake: kitambaa au wavu ulioning'inizwa kwenye mti mrefu, wapagazi mbele na wapagazi nyuma. Mpwa wangu alinunua kitu kilekile, ila miti yake miwili imesimama wima ardhini, haitembei. Mkubwa aliposhuka, mgonjwa akapanda, na neno likabaki na mgonjwa. Kamusi zetu nazo zimebaki naye.

Nilimweleza hayo yote kwa kirefu, kama ilivyo ada yangu, naye akasikiliza kwa subira ya kijana anayelipia simu. Jambo moja sikumwambia. Babu yake, yaani baba yangu, alishuka mlimani ndani ya machela usiku mmoja wa mwezi Julai mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka 14, na mimi ndiye niliyeshika kandili.

Tangu siku hiyo sikuwahi kulikalia neno hilo kwa utulivu. Nimelitumia darasani, nimelisahihisha katika madaftari ya wanafunzi walioandika mashela, lakini kulitia katika shairi nimelikwepa miaka yote. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia kwamba mwezi Julai angekwenda milima ya upande wa Mwese kuangalia mizinga ya nyuki pamoja na mzee mmoja mrina asali, na kwamba anayo machela ya pili, nilisema nitakwenda. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri nilichokisema.

Watu wa mbali wakisikia Katavi huwaza viboko wa mto Katuma, vumbi, na jua la Oktoba linalopasua midomo. Hawakosei, ila wamesimama bondeni. Mji wa Mpanda wenyewe uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea magharibi, ndani ya Wilaya ya Tanganyika, nchi inainuka: nyanda za juu za Mwese, msitu wa Ntakata, kisha safu zinazoendelea hadi milima ya Mahale ambako kilele cha Nkungwe kimefika mita 2,462. Kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa ni kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ongeza kipupwe cha Juni na Julai, ongeza anga tupu lisilo na wingu la kuizuia ardhi isipoteze joto lake usiku, utajua kwa nini watu wa huko huvaa makoti mazito saa mbili asubuhi huku Mpanda mjini tunanunua maji ya baridi mchana.

Tuliondoka kwa pikipiki mbili, tukaziacha kijijini alasiri, tukapanda kwa miguu. Njiani mpwa wangu alitusimamisha chini ya mti mkubwa, akanyoosha kidole juu. Katika panda ya matawi palikuwa na tita la majani yaliyokauka, pana kama ungo mkubwa. Kitanda cha sokwe. Kila jioni sokwe hupanda, hukunja matawi mabichi yaelekee kati, huyakanyaga yakashikana, akaongeza majani laini juu yake, akalala. Kesho hutandika kingine. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walianza kuwafuatilia sokwe wa Mahale mwaka 1965, miaka 20 kabla ya hifadhi kutangazwa, na mambo hayo yameandikwa sana. Mimi nilikuwa nikiyasoma tu. Nilipokiona kitanda chenyewe nilisema, kwa mzaha, kwamba mnyama huyu ana godoro lakini hana shuka. Mzee alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, ndiyo maana haumwi."

Sikuitilia maanani kauli hiyo. Ningeitilia maanani ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Tulifika kambini jua likizama. Mahali pazuri, nilidhani: bonde dogo lenye kijito kilichobakiwa na maji, miti miwili ya mtundu iliyosimama kwa umbali wa hatua tano au sita. Mpwa wangu alinifundisha kufunga. Kamba isivutwe ikawa kama uzi wa gitaa, ilegee kiasi kitambaa kipinde kama ndizi. Na mlalaji asilale kwa urefu sawasawa, alale mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, ndipo mgongo unyooke. Hilo ni kweli kabisa na ni tamu. Nilipoingia nikabembea mara mbili nilimwelewa kila mkubwa aliyekataa kutembea. Juu yetu tulifunga turubai. Nikaingia katika mfuko wa kulalia uliojazwa manyoya ya bata, nikaongeza blanketi zito nililotoka nalo nyumbani, nikajifunika gubigubi.

Mzee alikataa machela kwa adabu. Alikuwa amekoka moto mapema mahali alipokusudia kulala. Moto ulipopungua aliusogeza kando wote, makaa na majivu, akafagia kwa tawi, akatandika nyasi kavu alizokata kabla jua halijazama, unene wa dhiraa nzima, juu yake ngozi, juu ya ngozi yeye mwenyewe na shuka moja. Shuka moja! Nilimhurumia.

Hapa naomba nipumzike kwenye neno. Kiswahili kina kitenzi kuota, nacho kinafanya kazi ambazo lugha nyingine zimegawia vitenzi vitatu. Mbegu huota. Mtu aliyelala huota. Na mwenye baridi huota moto, huota jua. Nimewahi kubishana na malenga mmoja wa pwani aliyedai ni maneno matatu yaliyogongana sauti kwa bahati tu, na huenda ana haki. Lakini nimetazama uso wa mtu anayeota moto porini saa tatu za usiku, jinsi macho yanavyoacha kutazama kitu, nikashindwa kuamini ni bahati tupu.

Kuhusu usiku wenyewe: hadi saa nne nilikuwa mfalme. Saa tano nilihisi kana kwamba mtu ameweka kiganja kilicholowa katikati ya mabega yangu. Nikageuka. Kiganja kikahamia ubavuni. Saa saba mgongo wote ulikuwa umekufa ganzi, nyonga zinauma, huku kifua, chini ya manyoya na blanketi, kikitoka jasho. Sijawahi kuhisi mwili wangu ukigawanyika hivyo, mbele kiangazi, nyuma kipupwe. Nilijikunyata, nikavuta blanketi juu zaidi, nikafunika na uso, nikapumulia ndani. Kosa jingine hilo, kwa sababu mvuke wa pumzi hulowesha nguo, na nguo iliyolowa haitunzi joto. Meno yakaanza kugongana. Kwenye machela ya pili nilimsikia kijana naye akijipindua kama samaki kwenye wavu. Hatukusemeshana. Kila mmoja alikuwa akiilinda heshima yake.

Kama saa tisa hivi nilisema kwa sauti, pasipo kukusudia, "Mgongo."

Neno hilo moja nilikwisha kulisikia likisemwa hivyo, kwa sauti hiyo, kutoka ndani ya kitambaa kilichoning'inia.

Baba aliugua siku nne. Hakukuwa na gari lililoweza kupanda hadi kwetu, wala simu ya kuliita. Jioni ya siku ya nne kifua kilikuwa kikikoroma, ndipo baba mdogo na wanaume wengine watatu wakafunga blanketi kwenye mti wa mninga, wakamlaza ndani, wakamfunika. Mama akaongeza kanga zake mbili. Mimi nikavua koti langu la shule nikamwekea kifuani. Tulitembea usiku kucha kufika barabarani. Na njia nzima, kila tulipopumzika, baba alisema neno moja: mgongo. Sisi tulidhani ni maumivu. Mama alimwambia avumilie, daktari atamtazama. Tulipoona anatetemeka tulimfunika zaidi. Nakumbuka mmoja wa wabebaji alivua shati lake akaliweka juu ya rundo lile, akaendelea na fulana. Rundo lilikuwa kubwa kiasi kwamba uso wa baba ulionekana mdogo. Alifika hospitali akiwa hai. Siku ya tatu alifariki. Walisema ni mapafu, na kwamba tulichelewa kwa siku mbili kabla hata ya kuanza kutembea. Nimeyakubali hayo. Mimi si daktari.

Lakini pale juu, kati ya miti miwili ya mtundu, nililielewa neno lake kwa mara ya kwanza. Mgongo haukuwa ukiuma. Ulikuwa umeganda.

Niliteremka nikaenda motoni kwa Mzee, aliyekuwa macho kama wazee wote wa saa tisa. Hakuniuliza kitu. Alinisogezea kijinga cha moto, akanionyesha pa kukaa. Baada ya muda akasema, "Baridi ya mlimani haishuki, mwalimu. Inapanda."

Asubuhi mpwa wangu alinipa maelezo ya darasani, nami nayaandika hapa kwa sababu yanaweza kumfaa msomaji atakayelala hivyo, na kwa sababu nyingine. Manyoya, sufi, pamba, blanketi, vyote havitoi joto. Kinachotukinga ni hewa iliyonaswa ndani yake ikatulia. Ukilalia mfuko wa manyoya, uzito wa mwili unaibana hewa yote ikatoka, na kinachobaki chini yako ni kitambaa tu. Aliyelala ardhini juu ya nyasi ana kinga. Aliyening'inia hana, na upepo unapita chini yake usiku kucha ukichukua kila joto analolitoa. Waweza kumrundikia mtu huyo mablanketi kumi juu. Hayatamsaidia mgongo.

Usiku wa pili tulifanya tofauti. Tulihama bondeni, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na usiku hutiririka kama maji ikajikusanya chini, tukafunga machela katikati ya mteremko, ubavu ukielekea mbali na upepo. Turubai tuliliteremsha upande wa upepo mpaka likakaribia nyasi. Kisha kazi yenyewe: blanketi langu zito, badala ya kujifunika, nililifunga pembe nne kwa kamba likaning'inia chini ya machela, likigusa kitambaa bila kuvutwa sana, na katikati yake tukatandaza nyasi kavu alizotuchagulia Mzee. Alizikagua konzi kwa konzi. Zenye unyevu alizitupa. Alitaka zikatwe mchana, kabla umande haujaanza kushuka, na alikuwa mkali juu ya hilo kuliko juu ya jambo lolote lingine. Tulikula ugali na maharage kwa kuchelewa, na kijiko cha asali, kwa maana mwili usio na kuni haukoki moto. Tulijaza maji ya moto katika chupa imara, tukaivika soksi, ikalala miguuni. Nilikwenda haja ndogo hata kabla sijaihitaji. Soksi za kulalia zilikuwa kavu, hazikuwa zile za kutembelea. Pua niliiacha nje. Makaa tuliyaacha mbali, kwani kitambaa cha aina hii kikirukiwa na cheche moja kinayeyuka, na anayeingiza jiko la mkaa chini ya turubai lililofungwa kote hujitafutia kifo cha moshi usioonekana.

Nililala. Nililala mpaka ndege wakaamka, na sikuota chochote, kwa maana yoyote ya neno hilo isipokuwa ile ya pili ningependa.

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, niliandika ubeti wenye neno nililolikwepa. Nauweka hapa kama ulivyotoka:

Nililala machelani, nyota zikiniangaza,
Shuka mbili maungoni, sikukosa kujikaza,
Baridi i mgongoni, ya chini yaniumiza,
Tulimfunika juu, chini hatukutandika.

Malenga wenzangu mtaona udhaifu wake kabla sijausema. Nyota zimeingia kwa hisani ya kina. Juu yangu kulikuwa na turubai lenye matundu mawili. Shuka mbili ni uongo wa mizani, maana blanketi halikukubali kukaa katika nane. Na mshororo wa nne umeruka kutoka kwangu hadi kwake bila kumwambia msomaji ni nani. Lakini kituo kilinijia kikiwa kizima, nami sikukigusa.

Niliporudi Mpanda nilikaa juma moja, kisha nikaenda kumsalimu baba mdogo. Ana umri wa miaka 78 sasa, anaishi na binti yake karibu na stesheni ya reli, na masikio yake bado ni mazuri. Nilimwamkia, nikapewa kiti, tukazungumza habari za mahindi. Halafu nikamweleza safari yote: machela, usiku wa kwanza, usiku wa pili, nyasi. Nikamwambia nimejua baba alikuwa akisema nini. Nikamsomea ubeti.

Alinyamaza kwa muda mrefu hata binti yake akachungulia mlangoni.

"Unadhani hatukujua?" akasema. "Mimi nilikuwa mbele. Mti ule ulikuwa begani kwangu. Nilimsikia." Akajipangusa mdomo. "Yalipatikana mablanketi matatu usiku ule, mwanangu. Mawili ya kwetu na moja la kuazima. La kuazima ndilo lililokuwa na nguvu. Hilo ndilo lilikuwa machela. Ukitoa moja la juu ukaliweka chini, anabaki na moja. Tulijaribu pale mtoni, wewe ulikuwa umekwenda na mama yako kuchota maji. Akalia kifua. Tukalirudisha."

Nikamuuliza, kwa sauti niliyoitumia nikiwa na miaka 14, "Na nyasi, baba?"

"Nyasi za saa nane za usiku?" akasema. "Zilikuwa zimelowa."

Hakusema zaidi, nami sikumuuliza zaidi. Alitaka nimsomee ubeti mara ya pili, nikausoma. Akaniambia mstari wa mwisho si kweli.

Nimerudi nao nyumbani, na zimepita siku kadhaa nikiugeuza. Hatukutandika ni neno la mtu aliyekuwa nacho akasahau. Nimejaribu mengi. Lililokubali ni hili: Tulimfunika juu, chini hatukuwa nalo. Nimehesabu, mizani ni nane vilevile. Mtauliza nalo ya nini, kwa kuwa hakuna kitu kilichotajwa ambacho o-rejeshi hiyo inakirudia. Ni blanketi. Itabidi litajwe katika ubeti wa pili, nami bado natafuta namna ya kulifanya likae katika nane.